Chombo Kiwafaacho Vijana wa Liemba

Mwezi Machi mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wa gogo, kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge karibu na ng'ambo ya magharibi, kwa haja moja tu: kukodi jahazi. Mwenye chombo hicho alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, na hapakuwa na jahazi jingine ambalo Speke na mwenzake Richard Burton walikuwa na tamaa ya kulipata. Sheikh hakukataa kwa ukali, lakini jahazi halikutoka. Speke akarejea Ujiji mikono mitupu, na sikio moja likiwa limeharibika kwa mdudu aliyemwingia ndani ya hema usiku wa dhoruba. Baadaye wote wawili walikwenda Uvira kwa mitumbwi ya kupiga kafi.

La kusikitisha ni kwamba chombo walikuwa nacho. Burton alikuwa amekuja na boti ya bati iliyoundwa kwa vipande, jina lake Louisa, ili ibebwe mabegani na kuungwa tena ufukweni mwa ziwa. Iliachwa pwani kwa kukosa wapagazi. Boti nzuri, iliyofikiriwa vizuri, ikaishia mahali ambapo hapakuwa na haja nayo, kwani pwani ilikuwa na vyombo tele na mafundi wake.

Suala la chombo gani kiwafae vijana wanaotaka kujifunza tanga na kushindana katika ncha ya kusini ya ziwa lile, chini ya nyanda za juu za Ufipa, huweza kuonekana kuwa suala jipya, la vilabu vya wenye nafasi na picha za majarida ya kigeni. Si jipya. Kila aliyefika katika maji hayo kwa miaka mia moja na sitini iliyopita alilazimika kulijibu kwa namna yake, na majibu yao, yaliyo mema na yaliyo mabaya, yamo katika kumbukumbu. Anayetaka kumchagulia mtoto wa Kasanga au wa Kipili chombo cha mashindano hana budi kuyapitia hayo kwanza, kabla ya kufungua orodha za bei.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Mji wa Sumbawanga, ambao wenyeji husema maana ya jina lake ni kutupa uchawi, umekaa juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini ya hapo kwa karibu mita 1,000. Njia ya kutoka mjini kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga haizidi sana kilomita 110, lakini ni njia ya kuteremka kutoka ulimwengu mmoja na kuingia mwingine. Juu ni upepo wa baridi, nyasi, matuta ya Wafipa ambayo wataalamu wa kilimo wameyasifu, na mabaki ya matanuru marefu ya udongo ambamo chuma kiliyeyushwa kwa vizazi vingi. Chini ni joto, michikichi, dagaa na migebuka. Falme mbili za Ufipa, Nkansi na Lyangalile, zilijengwa juu, juu ya nafaka, majembe na nguo za pamba zilizofumwa huko huko. Kwa watawala hao ziwa lilikuwa mpaka na soko, wala si makao. Wavuvi wa ufukweni walikuwa na lugha zao na mambo yao, na mitumbwi yao mikubwa ilichongwa kwa magogo ya Goma, ng'ambo ya magharibi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na miti minene.

David Livingstone alipoteremka kwenye ncha hiyo ya kusini mwezi Aprili 1867 aliambiwa kuwa maji yale yanaitwa Liemba. Alidhani kwanza ni ziwa la peke yake. Jina hilo lilikuja kupata umaarufu miaka sitini baadaye, kwa sababu nyingine itakayotajwa.

Baada ya Burton na Speke, aliyefuata kulikabili suala la chombo alikuwa Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1874. Yeye hakubeba boti. Alichukua mitumbwi miwili ya Ujiji, akaitia matanga, akaiita Betsy na Pickle, kisha akashuka nayo kusini akiufuata ufuko wa mashariki, yaani ufuko wa Ufipa, akazunguka ncha na kupanda upande wa pili hadi akauona mlango wa mto Lukuga mwezi Mei. Ni kazi kubwa kwa mitumbwi miwili ya kuazima.

Henry Morton Stanley, miaka miwili baadaye, alikuwa na fedha za magazeti mawili na alitaka kilicho bora. Lady Alice ilijengwa Teddington, kando ya mto Thames, na fundi James Messenger: boti ya mti wa mseda, futi 40, ya vipande vya kuungwa. Ilipopimwa Zanzibar, vipande vilionekana vizito mno kuliko vilivyoagizwa, ikabidi fundi wa seremala avikate upya na kuvipunguza. Hapo ndipo mahali pa kutua kidogo. Mzigo wa mpagazi katika njia za msafara ulihesabiwa kwa frasila, na frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ndizo zilizokuwa mzigo wa kutosha kwa mtu mzima mwenye nguvu. Kipande cha boti hakigawiki kama doti za nguo au shanga. Kilihitaji watu wanne kwa pamoja, wenye hatua moja, katika njia nyembamba ya miiba iliyokatwa kwa upana wa mtu mmoja. Majina ya wahunzi na maseremala wa Ulaya yameandikwa. Wengi wa wale walioibeba Lady Alice kutoka Bagamoyo mwaka 1874 hawakuandikwa, ingawa walikuwa watu wa Unguja na wa mrima, na mabega yao ndiyo yaliyoamua kama boti ile ilikuwa boti au kuni. Kwa Lady Alice Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika lote mwaka 1876 katika siku 51. Mwaka uliofuata aliitelekeza kwenye maporomoko ya Kongo.

Lakini mtu ambaye kumbukumbu zake zina faida zaidi kwa suala hili si Stanley. Ni Edward Coode Hore, nahodha kwa taaluma, aliyefika Ujiji mwaka 1878 kwa ajili ya Jumuiya ya Wamisionari ya London. Hore alikuwa baharia hasa, na tofauti inaonekana. Chombo chake cha kwanza kilikuwa mtumbwi mkubwa wa gogo, ambao aliutia mlingoti, matanga na sitaha, akauita Calabash, yaani kibuyu. Jina la kujidharau kidogo, na la kweli, kwani chombo kile kilielea kama kibuyu. Kwa kibuyu hicho alipima pwani, akaandika mikondo na pepo, akafika hadi ncha ya kusini mwaka 1880. Baadaye ikaletwa mashua ya matanga, Morning Star, vipande vipande kutoka bahari hadi Ujiji, ikafika mwaka 1883. Kisha ikaja meli ya mvuke ya chuma, Good News, iliyotolewa fedha na tajiri wa Leeds, Robert Arthington. Hiyo haikupita njia ya Zanzibar. Ilipandishwa kwa mto Zambezi na Ziwa Nyasa, ikavutwa katika barabara iliyofunguliwa kwa ajili hiyo kati ya maziwa mawili, ikaungwa upande wa kusini wa Tanganyika na kuteremshwa majini mwaka 1885. Baadhi ya waliotumwa kuiunda walifia huko huko.

Good News ilifanya kazi, hapana shaka. Lakini ilihitaji kuni, mafuta, vipuri na mhandisi, na kila alipougua mhandisi meli ililala. Calabash ilihitaji kamba, nguo ya tanga na mtu ajuaye upepo. Uamuzi wa kuiacha ya pili kwa ajili ya kwanza ulifanywa London na Leeds, na watu waliokuwa na nia njema na ambao hawakupata kuuona ufuko wa Kala wala wa Wampembe. Si haki kuwacheka. Ila ni haki kukumbuka kwamba Hore alikuwa ameshalijua ziwa kabla meli haijafika.

Vita Kuu ya Kwanza viliharakisha kila kitu. Wajerumani walikuwa wamejenga ngome Kasanga, wakaiita Bismarckburg, na tangu mwaka 1900 meli yao Hedwig von Wissmann ilikuwa ikizunguka ziwa bila mpinzani wa maana. Mwaka 1915 Waingereza walituma boti mbili za injini za petroli zilizoundwa na kiwanda cha Thornycroft, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Kongo, kisha kwa ng'ombe na matrekta ya mvuke juu ya milima ya Mitumba. Kiongozi wake, Geoffrey Spicer-Simson, aliziita Mimi na Toutou, majina ya Kifaransa ya paka na mbwa. Msomaji wa Kiswahili hataacha kutabasamu: chombo cha vita kiitwacho Mimi. Urefu wake ulikuwa futi 40, ule ule wa Lady Alice. Yaelekea hicho ndicho kipimo kikubwa ambacho bara lilikubali kubebeshwa kikiwa kizima au karibu na kizima. Wepesi wao ndio ulioshinda. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Lakini mwezi Juni mwaka huo, Kasanga ilipozingirwa, mashua za Waingereza zilijitenga na bandari, na Wajerumani waliokuwa ngomeni wakaponyoka kwa vyombo vidogo.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg na kuletwa Kigoma katika makasha, ilizamishwa na wenyewe mwezi Julai 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ikawa ndiyo barabara ya ufuko wa Ufipa. Katika vituo vingi haikuwa na gati la kufunga. Ilisimama nje, ikapiga king'ora, na mashua na mitumbwi ikatoka ufukweni kuja kuizonga, abiria wakirushiana mizigo, magunia ya dagaa yakipanda na sufuria zikishuka. Vijana wa vijiji hivyo ndio walioshika makafi, usiku na mchana, katika maji yasiyotulia, ubavuni mwa chombo cha mita 71. Hakuna klabu ya Ulaya inayomfundisha mtoto kukaribia chombo kikubwa kwa ujasiri wa namna hiyo. Kwa hiyo anayesema kuwa watoto wa kule wafundishwe maji, akosoe kauli yake. Maji wanayajua. Wasilolizoea wengi wao ni tanga la kubishana na upepo.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ziwa Tanganyika katika nusu yake ya kusini hutawaliwa na upepo wa kusini-mashariki kuanzia Mei hadi Septemba. Ni ndugu wa kusi ya pwani, na huweza kuvuma siku nyingi mfululizo. Tena, usiku na alfajiri, hewa baridi ya nyanda za juu huteremka mabondeni na kutoka nje ziwani. Mtumbwi wenye tanga la gunia au la turubai, usio na mkuku, huenda vizuri mbele ya upepo na hauwezi jingine lolote. Ukimchukua mtoto kutoka Kasanga asubuhi, hauna nia ya kumrudisha. Kaskazini-magharibi yake ni maji matupu, mengine yenye kina cha zaidi ya mita 1,000, na baada yake ni Kongo. Mvuvi mzima hulijua hilo na huchukua makafi, wenzake na subira. Mtoto wa miaka kumi na miwili hana akiba hiyo. Basi sharti la kwanza la chombo chake si mwendo wala uzuri. Ni uwezo wa kupiga bisho, kurudi nyumbani kwa kuukata upepo ule ule uliomtoa.

Mwaka 1947, mjini Clearwater, Florida, fundi wa boti Clark Mills aliombwa abuni chombo cha watoto ambacho mzazi au duka la mtaa lingeweza kukigharamia kwa dola zisizozidi 50. Alikuwa na mbao za plaiwudi za futi nane, na ukubwa wa ubao ndio uliomwamulia ukubwa wa boti. Ikatoka Optimist: omo yake imekatwa bapa kama sanduku, urefu haufiki mita 2.5, tanga moja la pembe nne lililonyanyuliwa kwa mti mwembamba unaokingama. Ni chombo kibaya kukitazama, na aliyezoea mkato wa jahazi atakionea haya. Lakini kina ubao wa kuteremshwa katikati, hivyo hubisha. Kina mifuko ya hewa, hivyo kikijaa maji hakizami, na mtoto aweza kukisimamisha na kuyakumba maji mwenyewe. Na uzito wake mtupu ni kilo 35. Ni frasila mbili na ziada kidogo. Mzigo wa mpagazi mmoja wa mwaka 1858. Kama Burton angekuwa nacho, kingefika.

Katika nchi zaidi ya 100 watoto wasiozidi miaka kumi na mitano hushindana kwa chombo hicho, na sharti la mashindano ni kwamba vyombo vyote viwe sawa. Hili si dogo. Katika mashindano ya ngalawa na mashua ya pwani yetu, kama yale ya Lamu wakati wa Maulidi, fundi aliyekiunda chombo ni mshindani pia, na ni fahari kuwa hivyo, kwa kuwa jamii nzima ya wajenzi, washonaji matanga na manahodha imo ndani ya mbio. Kwa mtoto wa kijiji kisicho na fedha usawa ni bora zaidi. Akishindwa na mtoto wa Dar es Salaam, ajue ameshindwa na mtoto, si na mkoba wa baba yake.

Kasoro ya Optimist ni upweke. Humchukua mtoto mmoja, tena mwepesi. Akitimia miaka kumi na minne akanenepa kwa ugali wa ulezi na maharage ya Ufipa, chombo humkataa. Laser, iliyochorwa na Bruce Kirby wa Kanada na kuanza kuuzwa mwaka 1971, ndiyo hatua inayofuata kwa wengi duniani, na tangu 1996 imo katika Olimpiki. Hiyo si ya watoto. Ni nyepesi kupinduka, tanga lake ni pana, na mwili wake wa faibaglasi ukipasuka juu ya jiwe la Wampembe hakuna fundi wa karibu atakayeuziba vizuri.

Katikati ya viwili hivyo kipo chombo ambacho siku hizi hakisifiwi sana, nacho ni Mirror, cha mwaka 1962, kilichobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell na kutangazwa na gazeti la Daily Mirror la London, ndiyo maana matanga yake yakawa mekundu. Kina urefu wa mita 3.3. Huchukua watoto wawili, au mtoto na mwalimu wake. Mwili mtupu una kilo 45 na ushei. Namna kinavyoundwa ndiyo inayopaswa kumvuta mtu wa pwani: mbao za plaiwudi hutobolewa kingoni, zikashonwa pamoja kwa nyuzi za shaba, kisha maungio yakafunikwa kwa utepe na gundi. Hakuna mifupa mizito ya mataruma. Ulaya ilistaajabu kuona boti ya kushona. Waswahili walikuwa wakishona mitepe kwa kamba za makumbi karne nyingi kabla ya hapo, na mfano mmoja ulijengwa mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja.

Kwa ufuko wa Ufipa, Mirror ndicho chombo chenye haki ya kuchaguliwa kwanza, na Optimist mbili tatu zikiwa kando yake kwa walio wadogo. Seremala wa Sumbawanga anayejua kutengeneza kabati anaweza kukiunda na, lililo muhimu zaidi, anaweza kukitengeneza kikivunjika. Watoto wawili humkinga kila mmoja na woga wa mwenzake. Pale Kipili, ambako visiwa huyakinga maji, wangeanzia huko mpaka waijue bisho; Kasanga wangekuja baadaye, mchana, upepo wa nyanda za juu ukiwa umetulia, na mashua ya injini ikiwa macho.

Wapo watakaouliza kwa nini isiwe Ziwa Rukwa, lililo upande wa pili wa nyanda hizo hizo, lenye maji machache na upepo wa kutosha. Jibu ni fupi. Rukwa ni ziwa la kina kifupi, mawimbi yake huinuka ghafla na kuwa wima, ufuko wake husogea mwaka hata mwaka, na mamba wake wana sifa ambayo wavuvi hawaitii chumvi. Chombo cha kujifunzia ni chombo cha kupinduka. Mtoto asiyepinduka hajifunzi. Pasipofaa kupinduka hapafai kufundishia.

Limebaki suala la kubeba. Boti za Mirror hufungwa juu ya gari, na lori moja litokalo Sumbawanga asubuhi laweza kuteremka na nne za namna hiyo, milingoti imefungwa pembeni, makoti ya kuelea yamejazwa ndani. Penye mwisho wa barabara, kutoka lori hadi maji, ni mchanga na mawe, hatua chache. Watoto wanne watazinyanyua, wawili omo na wawili tezi, kila mmoja akibeba pungufu ya kilo 12.